Bila Mtungi

Leo natembea mikono mitupu.
Miaka thelathini na mmoja nimepita humu
na mtungi wa gesi begani, wa rangi ya chungwa,
kilo ishirini na tano na ushei ukiwa umejaa,
hata bega la kulia limebaki chini ya la kushoto
kama rafu iliyolegea skrubu.

Watalii wa Zaragoza wako kule, kwenye kuba za basilika.
Huku hakuna anayefika ila amepotea basi.
Mtaa wetu unaitwa Las Fuentes, yaani Chemchemi.
Chemchemi zenyewe usiniulize;
maji niliyoyaona mimi yalinitoka kwapani.

Mtaa huu mimi naujua kwa ngazi.
Namba saba: vidato sitini na vinne,
taa huzimika ukifika cha thelathini.
Namba ishirini na mbili: harufu ya kabichi hadi ghorofa ya pili,
kutoka hapo kwenda juu, dawa ya viatu.
Nyuso sikuzishika.
Aliyebeba mzigo hutazama miguu yake.

Daktari amesema goti basi.
Kampuni imenipa saa ya mkononi.
Casilda, mke wangu, kanivumilia siku nne,
ya tano akasema: toka, baba,
unanizunguka jikoni kama nzi.

Basi nimetoka, na naenda taratibu
kama mwizi anayechagua nyumba.
Kumbe kuna balkoni!
Kumbe wa namba saba anafuga chiriku,
na jirani yake ameanika soksi za mtoto, kumi na moja;
ya kumi na mbili iko chini, kwenye lami.
Naiokota, naitundika kwenye kitasa cha mlango.
Upepo wa sierso unashuka toka kaskazini,
unanipekua mifuko yote,
haukuti kitu, unaenda zake.

Kwenye kona Ousseynou anapanga nyanya,
ndogo mbele, kubwa nyuma, kama picha ya darasa.
Namsalimu. Ananitazama.
"Unatafuta nini, mzee?"
Mzee! Mimi niliyempandishia mama mwenye nyumba wake
mtungi kila Jumanne ya pili!
Nikainama kidogo, nikaweka mkono begani,
nikashika hewa.
"Ala! Butano!" akacheka, akanirushia nyanya.
Ndivyo ninavyoitwa. Fabián Lasheras
ni jina ambalo halijawahi kupanda ngazi.

Nikala nyanya ile nikitembea,
maji yake yakinichuruzika hadi kiwiko,
na miguu, bila kuniuliza,
ikasimama namba arobaini na moja.

Ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Orosia hajaniita mwaka wa pili sasa:
mwanawe amemwekea jiko la umeme, la kioo,
halina moto wa kuonekana.
Zamani aliniwekea bilauri ya maji
juu ya mashine ya kufulia, karibu na mlango.
Nilikunywa nimesimama, nikashuka.
Sijui kama tuliwahi kuongea lolote zaidi ya bei.

Vidato sabini na viwili.
Ajabu, bila mzigo ni vingi zaidi;
hakuna cha kulaumu.
Mlangoni nikatafuta chuma cha kugongea,
nikakumbuka, nikatumia kidole.
Sauti yake ndogo, kama ya mdeni.

"Nani?"
Hapo nikakwama.
"Butano," nikasema.
"Gesi sijaagiza."
"Najua. Sikuleta kitu."

Kimya.
Kisha komeo, kisha mnyororo, kisha komeo la pili,
kisha uso, mdogo kuliko nilivyodhani,
na macho yaliyotangulia kutazama bega langu.
"Ingia. Si hicho kiti, mguu wake mbovu.
Chukua cha dirishani."

Nikakaa.
Paa, antena, mashuka ya watu,
na nyuma yake kitu kipana, cha kahawia, kinachotembea.
Mto!
Miaka thelathini na mmoja, na nyumba hii ina mto.

Nikageuka nimwambie.
Orosia yuko kabatini, amenipa mgongo,
anatafuta bilauri.